Nguo za Kambo

Jumatatu, 3 Juni
Kasumbalesa tena, mpakani. Baridi, vumbi, malori mpaka macho yanachoka. Tangu asubuhi najaza karatasi za forodha za shaba ya watu. Patron, bosi wangu, kapiga kelele bure. Jioni nimemwigiza chumbani kwangu, peke yangu, mlango nimeufunga. Nina miaka ishirini na tisa na bado naona haya kusema nataka teatre, kuigiza jukwaani.

Jumatano, 5 Juni
Mama kapiga simu. Kambo yuko hospitali, hali mbaya. Bibi yangu huyu ndiye pekee anayejua siri yangu. Nilikuwa nikimwigizia majirani wote wa mtaani kwetu Naviundu, anacheka hadi anashika mbavu. Kila mara huniuliza lini nitakwenda kwenye kundi lile la teatre la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi. Kila mara namjibu mwezi ujao. Patron kaninyima ruhusa. Nimebaki. Najichukia.

Alhamisi, 6 Juni
Kambo amefariki. Sikumuwahi.

Ijumaa, 7 Juni
Nimefika Lubumbashi, uani kwetu kilio kimejaa. Kwetu wajukuu ndio wenye ruhusa ya kumfanyia marehemu mzaha: mmoja huvaa nguo zake, hutembea na kusema kama yeye, ili wafiwa wapate kupumua. Shangazi kanitupia mimi kikwembe, kitenge alichojifunga Kambo, na kitambaa chake cha kichwa. Bado vinanukia sabuni yake. Nilitaka kukimbia.

Sikukimbia, sijui kwa nini. Niliinama, mkono kiunoni, nikaanza kuwagombeza wanaume waliokalia viti huku mama wazee wako chini. Sauti ikatoka. Yake kabisa. Uani wote ulicheka, hata Mama, huku machozi yakimtoka.

Ndipo akafika Anastazia, mdogo wake Kambo, kutoka Likasi. Haoni tena. Alisimama mlangoni, akasikiliza, akanyoosha mikono.

"Yaya, njo weye? Baliniambia umekufa!"

Alinidhania ni dada yake mkubwa. Kicheko kikakatika. Nilivua kitambaa, nikampa mkono wangu aupapase ajue ni mimi. Akaanza kulia upya, nami naye. Sijawahi kujiogopa hivi.

Jumapili, 9 Juni
Tumezika jana. Leo kaja Papa Delphin, mkubwa wa lile kundi la Kenya. Jirani wa shangazi, kumbe siku ile alikuwa kwenye kilio. "Weye unafichamaka wapi? Siku ya posho kuya kwetu." Yaani nije Jumamosi.

Mama alisikia. "Ile haiko kazi. Iko michezo."

Nyumba hii inakula kwa mshahara wangu, ana haki ya kuogopa. Mimi naogopa kumzidi. Na nikisimama tena mbele ya watu, nitamuumiza nani?

Alhamisi, 13 Juni
Patron kataka nije kazini Jumamosi. Nimesema hapana. Neno moja tu. Kasema basi nisirudi.

Nimelia kwenye basi mpaka Lubumbashi. Si kwa ajili ya kazi. Ile "mwezi ujao" yangu, mwaka mzima, na Kambo alikuwa akiniamini.

Ijumaa, 14 Juni
Mama kajua kazi imekwisha. Kaniwekea bukari, ugali wetu, mezani, akatoka.

Jumamosi, 15 Juni
Nimekwenda. Nusura nirudie njiani, mara mbili.

Papa Delphin alitaka nimfanye bibi mzee. Nimekataa. Nimemfanya patron, mbele ya wote. Wamecheka kweli. Nimepewa nafasi ndogo, bila malipo kwa sasa. Nilifurahi. Halafu nikakumbuka sina wa kumpelekea habari hii, furaha ikaniishia pale pale barabarani.

Anastazia bado yuko kwetu. Nimekaa naye mkekani, nikamsimulia yote. Kaniomba nimsikilizishe sauti ya dada yake, mara moja tu. Nimemwambia siwezi. Kisha kasema basi niendelee kusimulia, kwa sauti yangu.

Nimeendelea mpaka kalala.