Kompyuta ya Mkwe Inanikataa

Jumatatu, 8 Novemba 1999
Nimekama mbuzi, nimefika Embu. Mifupa inalia. Karimi wangu, kitinda mimba, yuko Uingereza. Ijumaa anapasuliwa moyo. Anataka sauti yangu kabla ya kisu. Simu ya posta ilikoroma ikakatika, sasa ati tuongee kwa kompyuta. Ameniandikisha mwenyewe kwenye mashine kubwa ya huko. Kazi ya huku ni ya Njeru, mume wa Wanja, kifungua mimba wangu. Ana ofisi ya kompyuta. Mimi niko kibarazani. Mama mkwe haketi chumba kimoja na mkwe. Wanja anatubebea maneno.

Leo imekataa.

Jumanne, 9 Novemba
Imekataa. Nimechungulia dirishani. Hakuna hata picha. Kioo cheusi, maandishi meupe yanatambaa kama funza kwenye nyama. Njeru anaandika mstari, inamjibu mstari. Kutwa. Na vile vibonyezo vina mafuta ya chipsi! Kinyaa kitupu. Nimemtuma Wanja na kitambaa.

Jumatano, 10 Novemba
Amebadilisha waya. Amebadilisha namba za mashine kubwa. Bure.

Wanja akaniambia, "Mami, tukipiga hodi inaitika. Tukisema ni nani, inasema haimjui."

Hainijui! Mtoto wangu aniandikishe, halafu chuma kiseme hakinijui! Nimetema mate pale pale.

Njeru hajala tangu asubuhi. Nimemwekea uji wa mtama mlangoni. Mjinga huyu nampenda.

Alhamisi, 11 Novemba
Kesho ni kisu. Nimechoka na adabu. Nikamuuliza Wanja, mumeo ananiitaje humo ndani?

Akaingia. Akatoka anacheka, machozi yanamtoka. "Mami, ameandika 'mama'. Karimi alikuandikisha kwa jina lako kamili. Njeru anasema hawezi kukutaja, hata kwa vidole."

Siku zote hizi! Ningemchapa. Lakini pia, angenitaja ningemtukana hadi Kiambere wasikie. Mkwe wa Kimbeere hamtaji mama mkwe.

Nikaamuru atoke. Akasimama kibarazani, ametupa mgongo, anamwelekeza Wanja kupitia dirishani. Nikaingia mimi. Jina nikabonyeza mwenyewe, kidole kimoja, herufi za darasa la gumbaru, pale tulipofundishwa kusoma na mvi zetu: Ciambaka. Vibonyezo bado vinanata, ptuu. Mstari mmoja ukatoka. Wanja akapiga kelele.

Ikanikubali.

Karimi alisikika kama yuko ndani ya kibuyu. "Mami? Ni wewe?" Ni nani mwingine, mtoto wangu.

Ijumaa, 12 Novemba
Kibarazani, mahali pangu. Habari bado. Mvua kidogo.

Jana kabla ya kuagana nilimbariki Karimi vile mama yangu alivyonibariki: nilimtemea mate kifuani. Kifua kiko mbali, nikatemea kile kidude cha kusemea.

Wanja anasema Njeru amekataza kisipanguswe.