Mgonjwa Aliyekuwa Kwenye Kiti cha Meno

Kware, Nairobi
Jumapili, baada ya kanisa

Baba yangu mpendwa,

Salamu zangu zikukute umekaa, miwani usoni na kikombe cha chai kando. Mimi ni mzima wa mwili. Wewe je? Shavu limepungua, au bado unatafunia upande mmoja? Na Mama, magoti yanamruhusu kushuka kisimani au bado anatuma watoto wa jirani? Natumaini mahindi yameshika, na yule ng'ombe wenu mwenye wazimu hajavunja tena ua wa mchungaji.

Utajiuliza kwa nini barua na simu ipo. Baba, kwenye simu nimeshindwa. Kila nikipiga Mama anaweka sauti juu, majirani wanasogea, na kabla sijasema neno nasikia, "Huyo ndiye Mmbone wetu, wa kamati ya hospitali Nairobi!" Kisha wewe unauliza uje lini hilo jino litazamwe. Nami nacheka, nasema ngoja kidogo. Nimekwambia ngoja kidogo tangu msimu wa kupanda. Kwa hiyo nampa shangazi Jerusa barua hii mkononi, maana anakuja huko kwa matanga. Isome mwenyewe kwanza, mpaka mwisho, ndipo umpe Mama.

Neno lenyewe ni hili: usije. Usiningoje tena. Nenda hospitali ya huko nyumbani kesho kutwa, jino lako lishughulikiwe. Nilikudanganya, Baba, na nikiendelea kunyamaza utakuja kufa na taya limevimba huku ukinisifu.

Unakumbuka nilivyokupigia nikiwa na furaha, nikakwambia zahanati ya mtaa wetu imeletewa kiti cha meno? Kabla ya hapo mtu akiumwa jino hapa alipewa vidonge vya maumivu na pole. Tena kukaitwa baraza, wakazi wakachagua kamati ya kuisimamia hiyo zahanati: tuangalie dawa zinafika, wagonjwa hawatukanwi, daktari anakuja kazini. Walitaka mwanamke mmoja wa kuwasemea wagonjwa, akina mama wa kanisa wakapaza jina langu kwa sababu eti najua kuandika mahudhurio ya kwaya. Tukaambiwa sisi ndio jicho la wananchi. Jicho! Labda lenye mtoto wa jicho.

Mikutano yetu tuliifanyia kwenye chumba hicho cha meno, kwa kuwa ndicho kilichokuwa kitupu. Kiti kilisimama katikati na plastiki yake, kama kochi la maharusi. Mwenyekiti wetu, mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa anatundika koti lake kwenye taa ya kiti. Chai inamiminwa, mandazi yanapita, katibu anasoma: "Huduma ya meno, inaendelea." Mkutano wa kwanza nikauliza inaendelea vipi na kiti hakijaunganishwa maji wala stima. Wakacheka. "Siste, pole pole, mambo yako njiani." Wa pili nikauliza daktari wa meno yuko wapi. Wakacheka kidogo. Wa tatu nilikula mandazi nikanyamaza. Nakuandikia ukweli, Baba. Nilinyamaza, na mandazi yalikuwa ya moto.

Halafu Jumatatu moja Mwenyekiti akanipigia nikiwa kiwandani, mikono imejaa unga wa sukari wa zile peremende tunazopakia. "Kesho wakaguzi wanakuja. Wakikuta kiti na plastiki watakibeba wapeleke mtaa mwingine. Unataka kiende?"

"Sitaki."

"Basi tunahitaji mgonjwa."

Nikamwambia wagonjwa si wa kutafuta, kwenye ploti yetu peke yake, jengo hili tunalopanga, wenye meno mabovu ni wanne, nitawaleta mwenyewe.

"Hao watalalamika, mama. Tunataka mtu anayeelewa."

Nami nikaelewa! Ndilo linalonikera mpaka leo. Nilifikiria jino lako, nikajiambia kiti kikibaki hapa, iko siku kitaunganishwa, na Baba atakuja. Kesho yake nikaomba ruhusa kazini, nikaenda.

Lo, ungeona kichekesho hicho. Katibu alifungwa bendeji kutoka kiganja mpaka kwenye kiwiko, na mkono wake hauna hata mkwaruzo. Mwakilishi wa vijana aliambiwa akohoe. Alikohoa vizuri hata mkaguzi mmoja akampa pole. Mimi nililazwa kwenye kiti. Daktari wa meno walikuwa wamemwazima mahali kwa asubuhi hiyo, kijana mpole, hakuniangalia machoni. Alinijaza pamba mdomoni akaninong'oneza, "Fungua tu, mama. Sina hata maji." Basi kwa vile hakuwa na la kufanya, akanikagua. Akashangaa. "Meno yako yote ni mazima. Ulilelewa na nani wewe?"

Kama si ile pamba ningemwambia nililelewa na mtu wa reli, aliyekuwa akitupanga mstari kila Jumamosi pale kwota za wafanyakazi, mkaa uliosagwa na chumvi kwenye kifuniko cha sufuria, akituchungulia midomo mmoja mmoja kwa tochi ya kazini. Baba, nililala pale nikakukumbuka mpaka nikaona aibu. Ulitembea miaka yote kando ya mabehewa na nyundo yako, ukigonga gurudumu moja baada ya jingine, jua na mvua, ukisikiliza. Ulituambia gurudumu zima hulia kama kengele, lenye ufa hulia kama sufuria, na asiyegonga hana haki ya kutia sahihi.

Wakaguzi waliingia watatu, wananukia vizuri. Mama mmoja akainama. "Unahudumiwa vizuri hapa?" Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Chozi likanitoka, akadhani ni maumivu. "Jikaze, mama, yataisha." Akaandika kitu kwenye karatasi yake. Hakuna aliyefungua bomba, hakuna aliyekanyaga pedali ya kiti, hakuna aliyegusa chochote. Wakatoka kwenda kula pilau kwenye hema. Nami nilikula, Baba. Kwa haya meno yangu mazima.

Sasa nikueleze kuhusu Nekesa. Ni jirani yangu wa chini, mama wa Bungoma anayeuza mboga mwanzo wa ngazi. Nilipohamia hapa ndiye aliyenifunza kuishi: siku gani maji yanapanda mpaka orofa ya sita, kamba ipi ya nguo ina wezi. Siku hiyo ya wakaguzi Nekesa alikuwa ameamka na shavu limevimba kama amefumbata yai. Akaenda zahanati. Soja wa langoni alikuwa ameagizwa asiruhusu mtu. Akamwambia, "Mama, leo haiwezekani. Kwenye kiti kuna mgonjwa mahututi, daktari hawezi kumwacha."

Unajua Nekesa alijibu nini? "Basi amshughulikie huyo kwanza. Mimi nitavumilia."

Akarudi nyumbani, akajifunga leso taya na kichwa, akaendelea kukata sukuma. Mimi sikujua, nilipita jioni nikamwona na leso, nikamwambia pole, nikapanda ngazi na mabaki ya pilau kwenye mfuko. Kufika Ijumaa uvimbe ulikuwa umeshuka shingoni, hamezi hata mate. Vijana wa ploti walimbeba mpaka hospitali kubwa, akapasuliwa chini ya taya, usaha ukatolewa. Daktari wa huko alisema wangechelewa siku moja, pumzi ingezibwa.

Nilipomtembelea wodini na uji, akanivuta mkono niiname. Sauti ilikuwa inatoka kwa shida. "Mmbone, wewe uko kamati, utajua. Yule mgonjwa aliyekuwa kwenye kiti siku ile, alipona?"

Nikamwambia, "Alipona."

"Mungu ni mwema," akasema, akafumba macho.

Nilitoka nje. Sijawahi kujichukia hivyo. Nimeshakasirikiwa, nimeshaonewa, lakini kinyaa cha nafsi yangu mwenyewe sikuwa nakijua. Ptu! Hata sasa nikiandika naona ladha ya ile pamba.

Jumamosi ya wiki mbili zilizopita kulikuwa na baraza kwenye uwanja wa kanisa. Mwenyekiti alisimama na suti, akasoma barua ya pongezi kutoka kwa wakaguzi: zahanati yetu ni mfano wa kuigwa, huduma ya meno ni ya kuridhisha. Watu wakapiga makofi, hata wenye mashavu yaliyovimba. Ilibaki fomu moja tu itiwe sahihi na msemaji wa wagonjwa mbele ya wakazi, kwamba amethibitisha. Akanipa kalamu akitabasamu.

Niliishika kalamu, Baba. Nikasema, "Mgonjwa aliyekutwa kwenye kiti siku ile ni mimi. Sikuwa na jino bovu hata moja."

Wakacheka! Walidhani nawachangamsha. Kijana mmoja akapiga kelele, "Mathe ni komedi!" Mama mchekeshaji, eti. Asiyecheka alikuwa mmoja, mstari wa tatu, na leso yake tayani. Nikamgeukia. "Nekesa, uliniuliza kama alipona. Nilikuficha. Hakuwa anaumwa. Ulimpisha mtu mzima wa afya, na mtu huyo ni mimi."

Mwenyekiti akachukua kipaza sauti haraka. "Ndugu zangu, dada yetu amechoka na kazi za kiwandani. Tufumbe macho tuombe." Hebu fikiria! Akaanza kuomba, tena maombi marefu, anataja wajane na mayatima, anaomba roho ya umoja. Wanatumia jina la Mungu kama kitambaa cha kupangusia meza.

Lakini Nekesa hakufumba macho. Aliinuka, akavuka barabara kwenda zahanati. Mama mmoja akamfuata, kisha wawili, kisha safu nzima. Mwenyekiti alipofika "Amina" alikuwa amebaki na katibu na viti vya plastiki.

Chumbani tulikuta kiti kimerudishiwa plastiki yake. Haki ya nani, waliivisha tena! Nekesa akaivuta, akaitupa sakafuni, akapanda akakaa. Akakanyaga pedali. Hakikusogea. Akakanyaga tena, kwa nguvu, mara nne, tano, na watu wamejaa mpaka mlangoni wanasikiliza. Kile chuma kikavu, ungekisikia ungejua mara moja kina ufa. Akashuka, akanipita karibu kabisa bila kuniangalia, akaenda zake.

Usifikiri basi mambo yamenyooka. Jumatatu nililetewa ujumbe kwenye simu: kamati inanishukuru kwa kujitolea kwangu, nimepumzishwa. Fomu ilitiwa sahihi na mtu mwingine anayeelewa. Chumba kimewekwa kufuli jipya, na limetoka kwenye duka la nani, hata wewe unaweza kubahatisha. Wananichukiza. Wanapokutana nami njiani wananisalimu kwa upole, "Habari ya siku nyingi, mama," kama vile mimi ndiye niliyefanya jambo la aibu kwa kusema.

Ila kuna hili. Kila asubuhi, kabla ya kupanga mboga zake, Nekesa huenda mpaka langoni, leso bado tayani, akauliza kwa sauti ya kusikika ng'ambo, "Daktari wa meno amekuja?" Soja anajibu, "Bado, mama." Anarudi. Siku za kwanza alikuwa peke yake. Wiki hii wamefika saba, na soja ameanza kujibu akiangalia viatu vyake. Mimi napita hapo nikienda kiwandani, nasimama nyuma yao mpaka aulize. Nekesa hajasema nami neno tangu baraza. Lakini pia hajaniambia niondoke.

Basi Baba, nenda. Usiseme unamngojea binti yako, hakuna binti wa kungoja hapa. Na huko utakakokwenda, kabla hujalala kwenye kiti chao, waambie wafungue maji uyaone yakitoka. Wakikasirika, wakasirike.

Nisalimie Mama, na umwambie polepole, asipige kelele kwa majirani mpaka moyo wake utulie. Msalimie mchungaji na ua wake. Wifi yangu, mke wa Enos, nimemtumia kitambaa kupitia shangazi Jerusa. Na kaka Enos mwenyewe, nasikia amekubali kuingia kamati ya zahanati ya huko. Sina hongera ya kumpa. Ile nyundo yako iliyo nyuma ya mlango, mpe.

Mimi ndimi binti yako, niliye na meno mazima,
Mmbone