Dakika Tano za Kompresa

Jumatatu, 1 Agosti 2022. Maracaibo

Leo imetimia miaka arobaini na minane. Nilishuka kwenye ndege hapa Agosti mosi ya 1974, koti la sufu mkononi. Joto lilinipiga usoni nikadhani ni la injini ya ndege. Nikatembea hatua mia moja kulikimbia. Haikuwa injini — ulikuwa mji.

Hortensia amepiga simu kutoka kwetu Curicó, Chile. Dada yangu ana miaka themanini na mitatu, na sauti yake bado ni ya kuamuru. Tiketi yangu ya kurudi amekwisha kununua, ya tarehe ishirini. Chumba cha nyuma kimepakwa rangi. Jiko la kupashia nyumba joto limekufa tangu Juni, fundi hapatikani.

Nimecheka peke yangu. Katika miaka sita nimefundisha watu kumi na mmoja ufundi wa friji na viyoyozi kwenye gereji yangu. Tisa wako Chile, wanawapashia watu wa kwetu nyumba. Na hata huko hawatoshi! Hapa, ambako bila kiyoyozi mtu halali, mafundi wa kweli wamebaki wachache mno. Mmoja wao mkono unamtetemeka. Ndiye mimi.

Jumatano, 3 Agosti

Darasa lina mtu mmoja: Yoleida. Miaka arobaini na sita, mshonaji wa sare za shule. Alikuja kwa sababu shule hazishonewi tena. Nilimdharau kwa wiki moja. Kumbe mkono uliozoea sindano huona mshono wa shaba kabla ya moto kufika! Maungio yake hayavuji. Mimi kuchomelea nimeacha tangu mwaka jana, naelekeza tu.

Leo, akisafisha bomba, aliniuliza kama ni kweli kwetu maji huganda kwenye mifereji. Nikamwambia ni kweli. Akauliza soksi zinazofaa. Swali la soksi limenifuata mchana kutwa.

Jumamosi, 6 Agosti

Yoleida amesema: anaondoka. Basi la kwenda mpakani, Alhamisi tarehe 18, yeye na binti yake. Eudo, mwanafunzi wangu wa mwaka juzi, amemtafutia kazi Temuco, hukohuko Chile.

Nikamuuliza: na zahanati ya mtaa? Chumba baridi cha insulini tunakitunza sisi wawili. Nilisema kwa ukali nisioupenda. Yeye akainua bakuli la sukari, akavuta karatasi ya tiketi niliyoificha chini yake.

"Na hii, Mwalimu? Tarehe ishirini. Wewe unaruhusiwa kuchoka, sisi haturuhusiwi?"

Akaosha vikombe vyote viwili, akaondoka.

Jumanne, 9 Agosti

Yoleida hajaja. Umeme umekatika mara nne. Kila ukirudi mtaa mzima unapaza sauti — umefika! — na kila mkono unakimbilia swichi. Mimi huketi na saa yangu. Dakika tano. Gesi iliyobanwa ndani ya kompresa, pampu ya friji, haijatulia, ukiilazimisha mota kuanza unaiua. Majirani hunicheka: Mchile anaombea friji.

Nimeota chumba baridi cha tufaha, Curicó, nilikojifunzia kazi. Harufu ile. Nimeamka na kiu.

Jumatatu, 15 Agosti

Balaa. Kompresa ya zahanati imeungua.

Bi Nerva, muuguzi mkuu, alinipokea mlangoni bila salamu. Insulini ya watu mia moja na sitini. Wameihamishia kwenye masanduku, juu ya barafu ya wauza samaki. Barafu itadumu hadi Jumatano, labda.

Nimefungua paneli. Kinga ya umeme, kile kisanduku kinachoisubirisha mota dakika tano, kimerukwa kwa waya mwekundu. Mizunguko mitatu, ncha imekunjwa kushoto. Hivyo hufunga Eudo. Hivyo nilimfundisha.

Bi Nerva alikiri bila kuzungushwa. Eudo alipokuja kuaga, yeye ndiye aliyemwomba. Kina mama wamesimama mlangoni, umeme umerudi, mashine kimya — angewaambia nini? Aliona baridi inapotea. Eudo akamfanyia hisani ya mwisho. Nikamweleza kwamba mlango ukifungwa, baridi hukaa saa nyingi. Akasema hakuna aliyewahi kumwambia.

Ni kweli, sikumwambia. Na Juni nilikagua chumba kile, waya ukiwemo tayari. Paneli sikufungua, maana ni ya chini na magoti yanauma. Nikasaini.

Jumanne, 16 Agosti

Kompresa imepatikana, ya bucha iliyofungwa mtaa wa pili. Nguvu zinalingana. Nimeijaribu: inasukuma.

Asubuhi nikawasha moto mwenyewe. Nilijiambia mkono hukumbuka. Moto ulicheza, bomba likatoboka tundu la kupitisha kidole. Kiganja nacho kikaungua.

Kisha nikaenda kwa Yoleida. Masanduku mawili yamefungwa kamba. Nilimweleza yote, na Juni nikaitaja. Sikumwomba abaki. Nilimwomba kesho tu.

Alitazama kiganja changu kilichoungua. "Na hicho umekipaka nini, dawa ya meno? Mwalimu mzima!"

Akatafuta marhamu. Kesho saa moja, alisema.

Jumatano, 17 Agosti

Naandika juu ya sanduku la barafu. Barafu ni maji na vipande.

Yoleida amechomelea maungio manne. Tumepaka povu la sabuni, hakuna kiputo hata kimoja. Tumenyonya hewa, tumejaza gesi. Waya wa Eudo ameukata yeye. Kisha, kabla ya kuwasha — umeme ukakatika. Tumesubiri saa mbili nzima.

Alipokuwa akifuta vifaa, aliuliza bila kuniangalia:

"Nikibaki, nani atakagua kazi yangu?"

Nikasema sijui. Kisha nikasema: paneli ya chini utanifungulia wewe. Akaendelea kufuta.

Saa tisa alasiri mtaa umelipuka: umefika! Bi Nerva alikuwa keshafika kwenye swichi ya mashine. Yoleida akamshika mkono.

"Dakika tano, Bi Nerva. Hata Bikira Maria wetu wa Chiquinquirá akishuka kwenye joto hili, atasubiri."

Bi Nerva ameketi. Kina mama mlangoni wameketi.

Dakika ya pili. Simu inatetema mfukoni. Ni Hortensia, anataka kujua kama nimefunga mizigo. Nitamwambia baada ya hii. Anastahili kuambiwa na mtu asiyehesabu dakika.

Ya tatu. Basi ni kesho alfajiri. Yoleida hajasema. Amesimama mbele ya mashine, mikono nyuma, kama mshonaji anayengoja nguo ivaliwe.

Ya nne. Taa imepepesa kidogo. Imetulia.

Mimi sitarudi Curicó.