Ngazi ya Mke Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Tumerudi nyumbani kutoka hospitali, mimi na mke wangu. Daktari kasema dawa zimefika mwisho wake, sasa tumwache afanye anachopenda. Anachopenda ni kimoja tu: kukiona chumba cha juu. Nimekijenga mwaka mzima, kakishonea mapazia, na hajakikanyaga hata mara moja! Sisi mafundi tulikuwa tunapanda kwa ngazi ya kuegemeza ukutani. Yeye anakijua kwa masimulizi yangu — mabati ya plastiki yanayopitisha mwanga, unalala chali unayaona mawingu. Huku chini ni giza mchana kutwa, kuta za majirani zimetubana kushoto na kulia.

Kaniuliza, "Bwana Rula, nitapandaje mimi?" Ndilo jina langu tangu anikute na futi kamba mfukoni siku ya harusi yetu. Nikasema nitakujengea ngazi. Utadhani naahidi kigoda.

Jumanne, 4 Machi
Kaja shemeji, mdogo wake, mwashi. Yeye na zege, zege na yeye. Limwagwe, likae na fremu zake wiki tatu, nne, ndipo likanyagwe. Nikamwuliza: wiki nne? Akautazama mlango wa chumba alimolala dada yake.

Basi ni mbao za plastiki, zile zinazotengenezwa kwa chupa na mifuko iliyotupwa. Hazisubiri kukauka. Unakata, unatoboa, unakaza skrubu kwenye fremu ya chuma, kwisha. Shemeji kaangua kicheko: "Unajenga ngazi au beseni?" Mke wangu kasikia kutoka kitandani, kacheka mpaka akapaliwa. Nimefurahi kumsikia. Halafu kile kikohozi kikakataa kukoma.

Alhamisi, 6 Machi
Vipimo. Kanuni niliyofundishwa ujanani: chukua kimo cha kipandio mara mbili, jumlisha na upana wa kukanyagia, upate hatua moja ya mtu — sentimita sitini na kitu. Vipandio vyote vilingane, maana mguu ukishazoea kimo kimoja hautazami tena. Ngazi inatokana na mwendo wa mtu. Nikamwomba atembee ukumbini nimpime. Mtu mzima mimi, magoti chini nyuma ya mke wangu! Kaniuliza kama namshonea suruali.

Hatua yake imezidi kiatu changu kwa vidole vitatu tu. Huyu aliyekuwa akinitangulia sokoni mpaka namwita anisubiri!

Nimepiga hesabu kwa hatua hiyo. Haiwezekani: vipandio vingekuwa vifupi mno na vingi mno. Ngazi yenyewe ingeanzia sebuleni, ipite uani, iishie barabarani. Nimefuta. Nimeweka kimo kifupi kadiri ukumbi unavyoruhusu, na katikati, penye kona, kituo kipana cha kupumzikia.

Jumamosi, 8 Machi
Fremu imesimama. Binti yetu kanikumbusha vidole vya mama yake vinawaka moto akishika kitu cha baridi, zile dawa zimemwachia hayo. Reli ya kushikia ya chuma tupu hapana, basi. Nimeivalisha bomba la plastiki, mwanzo hadi mwisho. Nilimpelekea kipande kitandani akijaribu. Kakikamata kwa mikono miwili, kafumba macho. Hiki hakinichomi, kasema. Hakutaka kukirudisha.

Jumatatu, 10 Machi
Nimeharibu! Nimekanyaga ubao wa kwanza, umebonyea katikati kama godoro. Nilipanga mihimili kwa umbali wa mbao za mti — plastiki haivumilii hivyo, inataka ishikiliwe karibu karibu. Tumefungua vipandio vyote. Tumeongeza mihimili. Tumeacha na nafasi za kutanukia joto likizidi. Siku nzima imekwenda na maji. Shemeji hakunitania hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha.

Leo mke wangu kaenda msalani kwa kushikiliwa na watu wawili.

Jumatano, 12 Machi
Hakuinuka. Nimekata mbao vibaya mara mbili. Machozi na msumeno haviendi pamoja.

Ijumaa, 14 Machi
Imekwisha. Na leo kaamka na nguvu, kaomba uji, kaumaliza, kaomba na khanga safi. Binti yetu kamfunga kilemba. Kasema twende.

Nilitaka kumbeba. Kakataa katakata. "Ukinibeba umenipeleka. Mimi nataka nifike." Haya. Yeye mbele, mkono kwenye reli, mimi nyuma nimemshika kiuno, shemeji juu anarudi kinyumenyume. Mguu mmoja, mwingine pembeni yake, pumzi. Vipandio vinavyolia nikipita mimi, kwake havikusema kitu. Amekuwa mwepesi kiasi hicho.

Tumefika kituoni penye kona. Kaomba akae. Kakaa, kaegemea ukuta, kasinzia hapo hapo. Nimeketi kipandio cha chini yake asije akaporomoka, daftari hili nimelitoa mfukoni. Mikono inataka kazi. Binti yetu yuko chini, anauliza kwa ishara: juu au chini? Sijui! Mwanga wa mchana unateremka kutoka chumba cha juu, umeishia kwenye vidole vya miguu ya mke wangu. Shemeji kanong'ona tumrudishe kitandani akiwa amelala, hatajua. Nimekataa.

Amefumbua macho. Anauliza kama tumefika.

Shemeji kageukia ukutani. Nimesema ndiyo, tumefika.

Kanyoosha mikono. Anataka nimwinue akione chumba vizuri.