Ujumbe Ulioingia kwa Ritha

Kambini,
19 Julai 2024

Mpendwa dada Ritha,

Shikamoo. Natumaini hujambo, mama huko Kolandoto hajambo, na duka lako linakwenda. Mimi mzima, ila kwa mafunzo haya ya jeshi miguu imeota sugu na jua limenichoma hadi ukinikuta njiani utanipita. Afande husoma barua zetu kabla hazijatoka getini, kwa hiyo mengine nitakuambia nikirudi.

Dada, matokeo ya kidato cha sita umeyaona? Yalibandikwa Jumamosi kwenye ukuta wa bwalo. Daraja la kwanza, pointi tano! Nilipiga yowe nikapewa adhabu ya kufyeka uwanja, nikafyeka huku nacheka.

Sasa nina shida, na wa kunisaidia ni wewe tu. Simu tulinyang'anywa siku ya kwanza, na kwa kuwa awamu yetu ilichelewa kuanza, tutarudishiwa mwisho wa Septemba. Maombi ya vyuo yatafunguliwa na kufungwa sisi tukiwa humu na majembe. Wewe unawajazia watoto wa Geita nzima hapo dukani, nijazie na mimi. Chaguo la kwanza ni Jiolojia, kile chuo kikuu cha serikali cha Dar es Salaam. La pili na la tatu weka vyuo vya binafsi, kile cha Mwanza na kile ulichosoma wewe Shinyanga, nisije nikakosa vyote. Weka namba yako ya simu. Nikichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, namba za siri za kuthibitisha zitakuja kwako, na nisipothibitisha kabla ya tarehe ya mwisho nafasi inapewa mtu mwingine.

Paskazia, rafiki yangu wa kitanda cha juu, anakusalimu. Naye anataka Jiolojia hiyohiyo.

Wabeja sana, dada, ahsante mno.

Mdogo wako,
Lusia


Kalangalala, Geita,
29 Julai 2024

Mdogo wangu Lusia,

Marahaba. Sisi wazima, ni vumbi tu na umeme wa kukatikakatika. Nimempa kondakta barua hii na karanga za kukaanga. Kama afande amezipunguza, mimi simo.

Hongera. Matokeo yako niliyaona kabla yako, nikampigia mama hapohapo. Unajua alisema nini? "Mungu mkubwa, sasa na mimi nitakuwa na mtoto wa chuo kikuu." Nikamuuliza, mama, na mimi je? Akacheka. "Wewe ulisoma hapo Shinyanga tu, mwanangu, jioni unarudi kula nyumbani." Hakuwa na nia mbaya. Ila nilipokata simu nilimtolea mteja kopi thelathini badala ya tatu.

Maombi nimeyajaza, vyuo vyote vitatu, kwa utaratibu ulioutaka. Lakini mimi ni dada yako, niache niseme. Hicho chuo kikubwa unakijua kwa picha. Wateja wangu wanaorudi likizo wananisimulia. Darasa moja watu mia saba. Ukichelewa unasikiliza ukiwa umesimama dirishani. Mhadhiri anafundisha, anafunga kompyuta yake, anaondoka, na hata ukifa hatajua kiti gani kimebaki wazi. Sisi Shinyanga tulikuwa ishirini na mmoja. Nilipokosa vipindi siku mbili, Mwalimu Nkwabi alinipigia simu mwenyewe kuniuliza ninaumwa nini. Ualimu wa sayansi wanafundisha vizuri, na hosteli ni mwendo wa dakika tano. Fikiria.

Halafu kuna jambo hujawahi kuambiwa. Mwaka 2016 na mimi nilichaguliwa hicho chuo cha Dar. Wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili, umegongwa na bodaboda, mguu umefungwa vyuma pale hospitalini Kolandoto. Mama alikuwa analala wodini. Marehemu baba alikuwa kwenye duara huko Geita, shimoni, anatafuta dhahabu ambayo haikuonekana. Akaagiza nisome Shinyanga ili jioni niwapelekee chakula. Nikasoma Shinyanga. Wewe ukapona ukaanza kukimbia, na mimi nikabaki na shahada ambayo mama haihesabu.

Sikulaumu. Nakueleza tu.

Dada yako,
Ritha


Kambini,
14 Agosti 2024

Dada Ritha,

Shikamoo. Hujambo? Kifua cha mama kikoje na hii baridi ya asubuhi? Karanga zilifika nusu, na afande mmoja amenenepa.

Habari za 2016 sikuzijua. Pole sana, dada. Nimezisoma siku tatu mfululizo. Lakini mguu sikuuvunja makusudi, na siwezi kukurudishia Dar kwa mimi kutokwenda.

Nikuambie kwa nini nataka huko, usinicheke. Msingi niliitwa mdogo wake Ritha. Sekondari mwalimu wa hesabu aliandika ubaoni alama zako za zamani, akanionyesha kwa fimbo, akasema, "Dada yako alipata hizi, wewe una nini?" Miaka minne! Nilikuchukia, dada, kuna siku nilikuombea ufeli kitu, chochote tu. Sasa unataka niende Shinyanga kwa Mwalimu Nkwabi, ambaye siku ya kwanza ataniuliza habari zako? Mimi nataka hao watu mia saba. Nataka nikae katikati yao asinijue mtu, halafu wanijue kwa kazi yangu.

Na kusema kweli, kile chuo chako ni kama sekondari iliyoongezewa viti. Usikasirike, natania. Natania kidogo.

Ukiona jina langu Dar, thibitisha siku hiyohiyo usiningoje.

Mdogo wako,
Lusia


Kalangalala, Geita,
6 Septemba 2024

Mdogo wangu kipenzi,

Marahaba, marahaba sana. Mama kifua kimepona. Nakutumia sabuni mbili, mafuta ya nazi, soksi nzito za buti na karanga nyingi za kutosha wewe na afande.

Majina yametoka. Nimetafuta asubuhi na nikarudia mchana. Mwanza wamekuchukua, na Shinyanga wamekuchukua. Dar hawakukuchukua. Mwaka huu wameomba wengi mno, wenye pointi nzuri wameachwa kila mahali, usidhani ni wewe peke yako.

Usilie, mdogo wangu. Hao wa Shinyanga wamekupa ualimu wa sayansi, fizikia na hesabu. Utakaa karibu na mama, na mimi nitakuja kila mwisho wa mwezi. Niandikie upesi kama nithibitishe Shinyanga, mwisho ni tarehe 21.

Dada yako akupendaye,
Ritha


Kambini,
12 Septemba 2024

Dada Ritha,

Shikamoo. Natumaini mko salama.

Barua yako niliisoma kwenye foleni ya uji, nikatoka kwenye foleni. Nimelia siku mbili, sasa basi. Thibitisha Shinyanga, kama Dar hakuna bora niwe karibu na mama. Ahsante kwa soksi. Ahsante kwa kutafuta jina langu mara mbili. Maneno yangu kuhusu chuo chako nayafuta, yalikuwa ya mtu mwenye kiburi ambaye hajapigwa bado.

Ila kuna jambo linanisumbua. Kaka yake Paskazia alikuja kumtembelea Jumapili na karatasi. Paskazia amechaguliwa Dar, Jiolojia. Yeye ana pointi tisa, dada, mimi niliyemshinda nina tano. Tulifundishwa na walimu walewale. Anajaribu kutofurahi mbele yangu, na hiyo ndiyo inaniudhi zaidi. Usiku namsikia juu yangu akijigeuza kwa raha na ninatamani kitanda kivunjike. Nimeacha kula naye. Sikujua kwamba nina roho ya namna hii.

Najiuliza nilikosea nini. Labda ni jina langu kwenye cheti. Wewe unayajua mambo haya, tafadhali ukipata nafasi angalia mara moja zaidi, nitulie. Kama hakuna, hakuna.

Mdogo wako,
Lusia


Kalangalala, Geita,
21 Septemba 2024

Lusia,

Mimi mzima. Mama mzima. Barua hii nimempa kaka yake Paskazia, aliyepita hapa dukani, aje nayo mwenyewe, nimeifunga kwa gundi, na kama afande ataifungua basi na asome, aniaibikie.

Dar walikuchukua. Jina lako lilikuwa ukurasa wa kwanza. Ujumbe uliingia kwenye simu yangu tarehe 3, saa tatu asubuhi, nikiwa namfungia mteja kitabu. Nikausoma nikairudisha simu mfukoni. Siku hiyo niliwatafutia majina watoto kumi na wanne, nikapeana nao mikono, nikawapiga picha na wazazi wao, na wewe nikakuficha.

Sitaki kukudanganya tena kwa kusema nilitaka ukae karibu na mama. Niliona wivu. Niliposoma jina lako nilisikia kama umekaa kwenye kiti changu na bado kina joto langu. Nikamsikia mama akipita nyumba kwa nyumba Kolandoto kutangaza mtoto wake wa chuo kikuu. Watu wanamwita Mama Ritha, lakini ni wewe angekuwa anakutaja. Nikasema moyoni, na yeye arudi jioni kula nyumbani.

Ulipoandika thibitisha Shinyanga, nilithibitisha siku hiyohiyo. Na uchafu wangu wote uujue: nilifurahi. Nilifunga duka mapema nikanunua kuku. Halafu nikaisoma tena barua yako, pale unaponishukuru kwa kutafuta mara mbili. Kuku alinishinda.

Tarehe 18 nilifuta uthibitisho wa Shinyanga nikaomba namba mpya za Dar. Hazikuja. Nikapiga simu chuoni, nikakaa nayo sikioni hadi ikaisha chaji, nikachomeka, nikapiga tena. Zimeingia jana mchana. Nimeziandika mara tatu, mbili za kwanza nimekosea. Imekubali. Karatasi yenyewe hii hapa ndani, ina jina lako, Jiolojia, na muhuri wa mtandao.

Nasema samahani. Lakini sisemi wivu umekwisha, upo, nimekaa nao hapa kaunta ninapokuandikia. Mama hajui lolote. Ukitaka ajue, mwambie. Mkiachiwa tarehe 28 basi lenu litapita Geita, nitakuwa stendi.

Dada yako, kama bado,
Ritha


Dar es Salaam,
24 Novemba 2024

Dada Ritha,

Shikamoo. Naiandika kwa sababu mama alitulea hivyo. Natumaini hujambo. Mimi mzima.

Simu ninayo, na namba yako nimeizuia, ndiyo maana hunipati. Naandika barua kwa sababu kwenye simu ungenijibu hapohapo, na sitaki kujibiwa hapohapo.

Siku ile stendi nilikuona. Ulivaa gauni lako la kanisani, umebeba mfuko, unachungulia dirisha kwa dirisha. Niliinama chini kama nafunga kamba za viatu. Paskazia alishuka akakuambia nimetangulia na basi la mbele. Nilimtuma mimi. Tulipoanza kuondoka niliinua kichwa, ulikuwa bado umesimama palepale unaangalia barabara ya Mwanza. Nilitaka kumwambia dereva asimamishe. Sikumwambia.

Mama sikumwambia kitu. Usidhani nakuhifadhi wewe, ni yeye niliyemhurumia. Siku ya kuja huku alinisindikiza hadi kituoni amevaa kitenge kipya, akimwambia kila abiria ninakokwenda. Wakati huo nilikuelewa kidogo. Nilikasirika kwamba nimekuelewa.

Sasa ngoja nikuambie kilichoniketisha kuandika. Yale uliyoniandikia Julai ni kweli yote. Ukumbi una watu wengi hata spika ikikoroma walio nyuma wanalala. Wiki ya tatu nilinyoosha mkono kuuliza swali, mhadhiri akasema, "Wewe mwenye blauzi ya kijani, andika kwenye karatasi." Niliandika. Karatasi ilipita mikononi mwa watu ikapotelea safu ya kumi. Paskazia amepata marafiki, mimi sijapata. Mwezi uliopita nilifungua mpaka ukurasa wa kuhama chuo, nikaona Shinyanga bado wana nafasi, nikaufunga.

Ningekuwa nimekupuuza tu nikaja, leo ningekuandikia kwamba ulikuwa sahihi na ungenicheka mpaka basi. Lakini ulinieleza ukweli kwa roho mbaya, halafu ukaninyang'anya nafasi ya kukosea mwenyewe, ukanirudishia dakika ya mwisho. Kwa hiyo kila siku mbaya hapa naiona kama ushindi wako. Sihami, hata nikisoma miaka yote minne bila kuitwa jina. Jiolojia naipenda. Siku waliyotuwekea mawe mezani tuyatambue, niliyataja yote kabla ya wengine kushika kalamu, hakuna aliyeniona, na nilifurahi hivyohivyo.

Usinijibu. Nitakuandikia mimi nikiweza.

Jana jioni nilikaa kwenye ngazi za bweni na sahani ya wali. Nikakuwaza wewe ukiwa na miaka yangu, unatoka darasani Shinyanga, mwalimu anakuaga kwa jina, unapanda gari unakwenda kwa watu wako, na huko watu wako wanauliza mbona Ritha amechelewa leo. Nilikuonea wivu, dada, hadi chakula kikanishinda. Hilo ndilo nililoapa hutalijua, na nimezunguka nalo tangu jana nikitafuta mwingine wa kumwambia, sina.

Mdogo wako,
Lusia