Jina la mamake Kahaso

Eddah, usimpigie Kahaso sasa. Soma hii kwanza.

Tumetoka Msambweni kwa yule mwalimu anayepiga falaki. Shangazi yake Kahaso alishikilia lazima nyota zake na za Garama zitazamwe kabla ya harusi, nami nikamsindikiza mwenzetu.

Mwalimu akataka jina la Kahaso na jina alilozaliwa nalo mamake. Kahaso akasema, "Mbeyu." Mzee akaweka kalamu chini. Akamtazama mpaka mwenzetu akaanza kupindapinda leso.

"Mwanangu, hesabu hii nimeshaifanya. Mchumba wako alikuja mwezi uliopita."

Wallahi Kahaso alicheka. Unakumbuka alivyoturingia kwamba Garama amemuuliza jina la mamake ili amwombee dua? Akadhani Garama alikwenda kuuliza kama nyota zao zinapatana.

Mwalimu akasema hapana, hilo hakuliuliza kabisa. Aliuliza nani kati yao atamzika mwenzake.

Nani atamzika mwenzake, Eddah. Mtu aliyemzika mke mwaka jana tu.

Kahaso akauliza kwa sauti ndogo, "Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia utatangulia wewe. Nilidhani atalia. Alinishukuru, akaniuliza ni lini."

Ni lini. Njia nzima Kahaso alikuwa akiyarudia maneno hayo hayo.

Tumefika nyumbani sasa hivi. Kahaso amenishika mkono hapa mlangoni, hataki kuingia. Garama yuko ndani, ameleta tende. Anaomba ndoa ifungwe Ijumaa hii, na shangazi ameshamwambia inshallah.