Mzee wa Kwenye Ngazi

Minto, Sydney

Mjukuu wangu Neema,

Niwie radhi kwa kimya cha miezi minne. Baridi ya hapa ilinisumbua, lakini imepita. Shangazi yako bado anahudumia wazee. Wanawe hunisikiliza kwa Kiswahili na kunijibu kwa Kiingereza.

Umeniomba picha ya babu yangu uitundike katika jumba la Wajerumani mnalowaonyesha watalii hapo Lushoto. Najua wageni huupendea mji wetu majumba hayo.

Nilipokuwa msichana, babu alizoea kupumzika kwenye ngazi za jumba hilo. Siku moja walikuja wageni wenye kamera. Mmoja akaniambia, "Binti, mwondoe mzee, tunapiga picha ya nyumba." Nikamshika babu mkono, nikamsogeza kando kwa haraka, kwa kuwa nilimwonea haya: alikuwa pekupeku.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani, alicheka. "Mawe ya ngazi zile niliyachonga mimi, nikiwa kijana. Basi nimo pichani."

Mimi sikucheka. Hakuwa ameniambia jambo hilo kabla ya hapo, nami sikuwa nimemwuliza.

Picha yake ninayo, hii moja tu. Sitaki awe pambo la ukutani. Nieleze utaiweka wapi, na chini yake utaandika maneno gani. Safari hii sitamsogeza kwa haraka; nikishaamua, nitakuandikia.

Bibi yako